Udongo wa Bi Mize

Jumatatu, 13 Januari

Nukta ya kumi na tisa ya upimaji: jiwe. Ya ishirini: jiwe. Ya ishirini na moja, udongo wa vidole vinne, kisha keekee, chuma cha kutobolea ardhi, ikagonga jiwe na mkono ukafa ganzi mpaka begani. Kombo akacheka. Kombo ndiye mchimbaji wangu, mtu wa Micheweni, ana mtaimbo wake mwenyewe na keekee za ofisini hazimwingii akilini.

Rangi, kwa kitabu cha rangi: nyekundu iliyoiva, karibu na kahawia. Ukiuloweka na kuufinyanga unavingirika vizuri. Tindikali haiuchemshi. Tone likifika kwenye jiwe, linachemka mara moja. Udongo wenyewe hauna kasoro. Ni mchache tu.

Kule kwenye vilima vya karafuu unaweza kuchimba kaburi na usione jiwe. Huku kaskazini, njia ya Msuka, ardhi ni tambarare na jiwe la matumbawe limetoka nje, makali, linakata viatu. Wenyeji wanaita maweni. Fomu ina jina refu zaidi, lakini maana ni hiyo hiyo.

Tunapima ili ijulikane ardhi ipi ibaki ya kilimo na ipi itolewe kwa machimbo ya kokoto. Tumeambiwa sisi tunapima tu, wataamua wengine. Ni afadhali hivyo.

Alhamisi, 16 Januari

Nukta ya thelathini na nne imeangukia ndani ya konde la mjane mmoja, Bi Mize. Mwembamba, miaka sabini hivi, anatembea pekupeku juu ya mawe ambayo mimi nayakanyaga kwa buti na bado naogopa.

Konde lake ukilitazama kwa mbali ni jiwe tupu. Ukisogea unaona mifuko. Matundu kwenye jiwe, mengine upana wa sahani, mengine upana wa beseni, na kila tundu limejaa udongo. Muhogo, mbaazi, mtama kidogo. Nilitia mkono kwenye tundu moja. Ulizama mpaka kiwiko. Kwenye jingine ulizama mpaka kwapani na sikugusa chini. Udongo mwekundu uliokoza mpaka kukaribia weusi, laini, una nyungunyungu. Alinieleza kwamba mama mkwe wake ndiye aliyeanza kuulisha: mwani uliooza, majivu, samadi ya mbuzi, maganda. Yeye akaendelea. Miaka hamsini ya vikapu.

Nukta iliangukia kwenye jiwe, katikati ya matundu mawili. Kanuni hairuhusu kuisogeza nukta hata hatua moja. Nikaandika: kina, sifuri.

Jumatano, 22 Januari

Nukta mbili zaidi kondeni kwake. Jiwe, jiwe. Ametupikia muhogo wa nazi. Ananiita mwanangu. Aliniuliza naandika nini kila siku, nikamwambia naandika kina cha udongo. Akafurahi.

"Basi waambie kinafika kwapani," alisema.

Nikasema nitawaambia. Nilikuwa na nia hiyo kweli.

Jumatano, 5 Februari

Ofisini siku nzima. Fomu ina kisanduku kimoja cha kina. Nukta zote tatu za konde la Bi Mize ni sifuri, na ramani inachukua nukta, haichukui kitu kingine. Kompyuta imelipaka eneo lote rangi ya kijivu. Kijivu maana yake haifai kilimo.

Niliandika maelezo nusu ukurasa. Kwamba sehemu kubwa ya eneo hilo ina mifuko ya udongo mzito uliotunzwa, kwamba watu wanakula kutoka humo, kwamba linastahili daraja lake peke yake. Bwana Othman, kiongozi wa timu, aliyasoma mpaka mwisho. Si mtu mbaya. Alisema tunapima ardhi ilivyoumbwa, hatupimi vikapu vya watu.

"Zuwena, unataka nibadilishe ramani nzima kwa vishimo vya bibi mmoja?"

Akayaondoa yale maelezo kwenye faili. Akanipa karatasi nitie saini kama mpimaji. Nilitia. Mkataba wangu unaisha mwezi wa nne na nautaka mwingine. Hiyo ndiyo sababu. Hakuna nyingine.

Jumatano, 12 Februari

Nimepita kwa Bi Mize bila kazi yoyote. Nilikwenda kumwambia. Sikumwambia. Nikakaa, nikala, nikaondoka.

Alhamisi, 20 Februari

Mkutano wa Sheha, skuli. Watu wengi, wengine wamesimama madirishani. Sheha, mkuu wa serikali hapa kijijini, alisoma barua taratibu, kila neno. Eneo la kijivu linakwenda machimboni. Mazao yaliyosimama yatafidiwa. Udongo haufidiwi, kwa sababu kwenye ramani haupo.

Mtu mmoja akauliza nani aliyepima. Sheha akageuza karatasi na kusoma majina. Langu lilikuwa la pili. Nilikuwa nimekaa safu ya nyuma pamoja na Kombo. Kombo alinitazama kisha akatazama chini. Yeye alikuwa hajui kwamba nimetia saini.

Bi Mize alinyanyuka. Nilidhani anatoka. Alikuja mpaka nilipokaa, akasimama karibu sana, na hakupandisha sauti.

"Ule muhogo ulokula weye, uliota wapi?"

Alingoja nijibu, kwa kweli alingoja. Kisha akatoka.

Jumamosi, 22 Februari

Sina kazi leo. Nilikwenda kondeni. Nilimkuta amepiga magoti, anauchota udongo matunduni kwa kata ya nazi na kuutia kwenye polo, gunia kubwa. Ameng'oa muhogo mchanga wote, ameulaza kando. Anauhamisha. Kila tundu.

Nilitoa salamu. Hakuitika. Nikachukua polo tupu, nikapiga magoti kwenye tundu la jirani, nikaanza kuchota kwa mikono. Hakunifukuza. Tulifanya kazi mpaka adhuhuri. Jiwe limenichana vidole vyote.

Mchana Kombo akaja na gari la ng'ombe la shemeji yake. Akaanza kupakia mapolo.

Jumanne, 4 Machi

Ramadhani. Nakwenda saa moja asubuhi, narudi ofisini saa tatu, nasema nilichelewa usafiri. Kiu mbaya. Tumekwisha kutoa labda robo. Matundu kwa chini ni membamba, mkono wa mtu mzima haupiti. Kombo anavunja kingo za matundu kwa mtaimbo.

Bi Mize anaumwaga uani kwake, nyuma ya nyumba. Ametengeneza tuta refu, amelizungushia makumbi ya nazi. Uani pana mteremko kidogo, kuelekea njiani. Nilimwambia makumbi hayatazuia mvua. Kule udongo ulishikwa na jiwe kila upande. Hapa hakuna kinachoushika. Nilimwambia pajengwe ukuta wa mawe, hata wa goti.

Ilikuwa mara ya kwanza anijibu tangu mkutano. Alisema ukuta utangoja, katapila halitangoja.

Alikuwa na haki. Na mimi pia nilikuwa na haki. Tukaendelea kuchota.

Jumanne, 11 Machi

Katapila limekuja. Wameweka kamba na mlinzi. Sehemu kubwa ya udongo ilikuwa bado matunduni. Konde la Bi Mize liliisha kabla ya adhuhuri.

Yeye hakuja. Nilikuja mimi, kwa kitambulisho cha ofisi, mlinzi akanipitisha.

Kijiko cha katapila kilikata ukuta kupita urefu wangu, na hapo ndipo nilipouona udongo ule kwa mara ya kwanza. Jiwe jeupe, na ndani yake mishipa myekundu inashuka. Matundu hayaishii chini ya mkono. Yanaendelea, yanabana, yanapanuka tena, na mizizi ya mbaazi imo ndani yake yote, myeupe, mibichi. Nilipima mfuko mmoja: mita moja na nusu, na chini yake bado kuna ufa wenye udongo. Mita moja na nusu. Nimeandika sifuri.

Nilipiga picha na kumpelekea Bwana Othman. Alijibu baada ya saa moja: picha nzuri, itafaa kufundishia.

Nilikaa juu ya kifusi nikalia. Mlinzi aligeukia upande mwingine.

Jumanne, 8 Aprili

Masika imeanza. Mvua ya tangu alfajiri. Ofisini sikuweza kukaa. Nilipofika kwa Bi Mize, njia yote ilikuwa nyekundu, maji mekundu yanapita mbele ya milango ya watu na kushuka pwani.

Kombo alikuwa ameshafika, anachimba mfereji wa kugeuza maji. Bi Mize anaziba kwa makumbi, kwa magunia, kwa khanga zake. Nikaingia na mimi. Ukiziba hapa tuta linapasuka pale. Udongo uliokaa miaka hamsini bila kwenda popote uliondoka kwa saa mbili.

Mvua ilipokatika, theluthi moja ilikuwa imebaki, na iliyobaki ni chembe nzito za chini. Ile laini yote imekwenda. Bi Mize alikaa kizingitini, maji yanamchuruzika. Nilimwambia nisamehe, bibi yangu. Nilikuwa sijawahi kulitamka neno hilo.

Alisema amechoka, anataka kubadilisha nguo.

Jumatano, 16 Aprili

Nimepewa mkataba mpya. Nimeukubali. Nilidhani nitaukataa, lakini nimeukubali.

Nimeandika kurasa mbili kuhusu mifuko ya maweni, nikaweka picha ya ule ukuta na kipimo chake, na chini jina langu kamili. Nimekiri kwamba sifuri zile niliziandika mimi na kwamba si kweli. Nakala moja kwa Bwana Othman, moja kwa Sheha. Makonde mengine kumi na moja bado yamo kwenye kijivu, katapila halijayafikia. Bwana Othman alisema sasa nimejiharibia. Hakusema zaidi. Sheha aliipokea, akaisoma mbele yangu, akauliza ile picha ni ya konde la nani. Nikamwambia. Akaitia kwenye faili na kusema ataipeleka wilayani mwenyewe.

Sijui kama itasaidia. Kwa Bi Mize haisaidii kitu.

Jumamosi, 3 Mei

Bi Mize anahamia Wete kwa binti yake. Kombo alinipigia simu, akasema kitanda ni kizito, anahitaji mtu wa pili.

Nilishika upande wa miguu. Tulikipandisha kwenye gari la ng'ombe, kisha godoro, ndoo mbili, sanduku la bati, mbuzi akafungwa nyuma. Hakukuwa na vingi. Bi Mize alizunguka nyumba mara moja, akafunga mlango, akajaribu kufuli kwa kulivuta.

Nilimshika mkono kumpandisha garini. Aliuachia ushikwe. Akakaa juu ya godoro, mgongo kwangu, na Kombo akaongoza ng'ombe.

Nilibaki uani. Kuku wa jirani walikuwa wamekimbia tulipokuwa tunabeba. Nilisimama mpaka wakanizoea, wakarudi mmoja mmoja na kuendelea kuparura kwenye tuta.