Mkungu Uliokosa Mnunuzi

Tabata, Dar es Salaam

Mama yangu mpendwa,

Shikamoo. Naandika kwa kalamu kwa sababu simu yangu hupokei, na sikulaumu. Goti linaendeleaje? Mvua zimefika huko juu, au bado mnaangalia mawingu yakipita kwenda kunyesha kwa wengine? Yule ng'ombe mwekundu ameshazaa? Mimi mwili ni mzima. Hayo mengine nitayasema humu, na nakuomba uvae miwani yako ya Biblia uisome mwenyewe, usimpe Dada Elifuraha akusomee.

Najua kilichotokea kanisani. Dada alinipigia Jumapili ileile. Alisema, "Mkungu wa Mama umekosa mtu. Mwinjilisti ameunadi mpaka sauti imemkauka, watu wanaangalia viatu vyao tu. Mama ameubeba mwenyewe, amerudi nao nyumbani." Mama, tangu nizaliwe sijaona sadaka ya mtu ikirudi nyumbani kutoka mnadani. Kuku mgonjwa hupata mnunuzi. Yai moja hupata mnunuzi. Wa kwako ukakosa, kwa sababu ya tamthilia niliyoandika mimi.

Unakumbuka kila mwaka nilivyokuwa nakwambia kwamba mwaka huu jina langu litaonekana kwenye televisheni? Miaka saba nimeandika tamthilia za watu hapa Dar. Naandika mimi, linatokea jina la mwingine, halafu naambiwa nishukuru kwa kuwa najifunza kazi. Mwandishi ni figa tu. Chakula kikiiva, anasifiwa mpishi. Nilichoka, Mama. Safari hii nikapeleka hadithi yangu mwenyewe, na hadithi yenyewe ilikuwa yako.

Niliandika ule ugomvi wenu wa mpaka na jirani yetu Mama Penieli baada ya Baba kufariki, mlivyokaa miaka mitatu bila kusalimiana. Halafu ile Jumapili alipoleta mkungu wake mnadani baada ya ibada, nawe ukainua mwavuli. Wewe hutaji bei kama wengine, unainua mwavuli tu na mwinjilisti anaelewa. Uliinua mpaka wote wakakuachia. Ukaubeba kichwani, ukapika mtori, ukawaita watoto wake wakaja kula, na ugomvi ukaishia hapo bila kikao cha mtu yeyote.

Mtayarishaji wetu alisoma akanirudishia. "Ndugu yangu, umeshawapatanisha kipindi cha nne. Vipindi vilivyobaki tuonyeshe nini, kwaya? Ule mkungu uwe na sumu. Yule mama aununue, aupike, aitie sumu hiyo mwenyewe, awaite watoto wa jirani. Ukifanya hivyo, jina lako linakaa mbele."

Watu wote nimewaambia, hata Dada, kwamba waliibadilisha wao. Ni uongo. Niliandika mimi, mchana uleule, nimekaa kwenye ngazi za ofisi. Wala sikuona haya wakati ule, aibu ilikuja baadaye. Wakati ule nilifurahi. Wenzangu walipoisoma walinipigia makofi. Mwavuli niliuacha, goti lako nililiacha, hata kile kikohozi chako kidogo kabla ya kuinua mkono nilikiacha vilevile, maana vilipendeza. Kikulacho ki nguoni mwako, Mama. Safari hii nguo ni yako na mdudu ni mimi.

Na kuna jingine hulijui. Tulikuja kurekodi Arusha wiki mbili, kwenye nyumba ya kukodi kule Njiro, yenye ukuta mrefu. Wewe nilikwambia niko Dar. Kila asubuhi Mlima Meru ulikuwa pale juu ya ukuta, na mimi nakunywa chai nimeupa mgongo. Dereva wetu, mzee mmoja wa Nduruma, akaniuliza, "Wewe si mtu wa huko juu? Wiki ya pili hii, hujapanda kumsalimia mama yako?"

Nikamjibu, "Kazi imebana, mzee."

"Kazi gani inambana mtu na mama yake," akasema, akaenda kuosha gari.

Nilishindwa kuja. Ningekaaje jikoni kwako nikala loshoro lako la mahindi na maziwa ya mgando, huku Njiro mwigizaji anajifunza kuchechemea kama wewe?

Basi, jina likatokea, langu na la Baba, herufi kubwa, mwanzoni kabisa. Nililipiga picha nikawatumia watu. Nyinyi mlikuwa mmekaa kwa Mama Penieli mnatazama, mmeandaa na soda kwa ajili yangu. Dada anasema mwavuli ulipoinuliwa kule kwenye televisheni, wewe ulisimama ukatoka bila kuaga.

Nilimfuata mtayarishaji nikamwambia waumini wanamwogopa mama yangu. Akacheka. "Mzee, hiyo ni tamthilia. Mwambie bimkubwa ameshakuwa staa." Sasa wanataka msimu wa pili, yule mama arudi akiwa mchawi kamili. Nimekataa. Nilidhani nikikataa ndiyo mwisho wake, kumbe nilishasaini, yule mama ni mali yao. Wamempa mwandishi mwingine. Kuna mtu hakujui, hajawahi kufika Meru, amekaa mahali anaamua utamroga nani. Nina hasira, na sehemu kubwa ya hasira hiyo ni juu yangu mwenyewe.

Nilitaka kukutumia isale, kama wafanyavyo wakubwa huko wakiomba radhi. Hapa wanaliotesha kwenye vyungu vya ofisini kama pambo. Nilikata jani moja nikaliweka mezani siku mbili. Nikaona hapana. Isale ni la watu wawili waliokoseana nyumbani. Mimi nimekuvunjia heshima mbele ya usharika mzima, na jani haliwezi kusimama likaongea kanisani.

Kwa hiyo nakuja. Jumapili ya kwanza ya mwezi ujao nitakuwa kwenye benchi la nyuma. Nakuomba upeleke mkungu, uliokwisha kuiva. Kabla haujanadiwa nitasimama niwaambie ni nani aliyetia ile sumu. Wasipopanda bei, nitapandishana na nafsi yangu. Kisha nitazila ndizi zako palepale uwanjani, moja baada ya nyingine, wakiniangalia. Usipoupeleka nitaelewa, nitarudi stendi bila kukusumbua.

Nisalimie Dada Elifuraha na mumewe, shemeji yangu, ambaye najua hakuwahi kuiamini kazi hii. Nisalimie shangazi wa kule mtoni. Nisalimie mwinjilisti, na umpe pole ya sauti aliyoipoteza bure. Mama Penieli kama bado anakuja kwako, mpe shikamoo yangu; kama amekata mguu, mwambie hata kwa mbali, pale mpakani, kwamba kosa si lako.

Mwanao aliyekukosea,
Kalebu

Usihangaike kunijibu. Siku hiyo nitakuja hadi kwenye benchi lako kabla ya mnada kuanza. Kama umenisamehe, niazime mwavuli.