Dakika Tano kwa Mutuma, Dakika Tano kwa Tata

Meru Mjini,
12 Aprili 1999

Mpendwa Tata Nelius,

Natumai barua hii itakupata ukiwa mzima, na kwamba goti lako limeacha kutabiri mvua. Mimi sijambo. Baba na mama kule Ruiri hawajambo pia. Ng'ombe mmoja amezaa ndama jike, na baba amempa jina lako. Anasema ndama huyo, kama wewe, anawatazama watu kana kwamba anawasahihishia mtihani.

Tata, nina habari. Hapa kwenye chuo cha kompyuta ninapofundisha, bosi wetu Bwana Kithinji ameunganisha mashine moja na intaneti kwa laini ya simu. Yeye akienda kula chakula cha mchana, mimi nabaki nacheza chesi. Nacheza na watu walio Ufini na Brazili bila kutoka Meru! Kila mchezaji anapewa dakika tano tu za mchezo wote. Zikikuishia umeshindwa, hata kama ulikuwa unashinda. Inaitwa blitzi. Hakuna nafasi ya kukuna kichwa kama wewe na marehemu mumeo, Mwalimu Njuki, mlioanza mchezo ugali ukiwa moto na kuumaliza ugali ukiwa jiwe.

Wewe, shangazi yangu, ndiwe uliyenifundisha chesi nilipokuwa nakaa kwako Karurumo nikisoma. Kwa hivyo nimekuchapia michezo yangu michache. Iangalie, kisha uniambie ukweli: mtindo wangu ukoje, nguvu zangu ni zipi, na ni wapi ninafaa kujirekebisha. Usinifiche kitu. Mimi si mtoto tena.

Ni mimi mtoto wako,
Mutuma

Karurumo,
29 Aprili 1999

Mwanangu Mutuma,

Barua yako ilinikuta nachambua maharagwe, nikayaacha. Nashukuru Mungu mko salama. Goti limetulia. Mwambie baba yako, ambaye bado ni mdogo wangu, kwamba habari ya ndama imenifikia na tutaonana.

Michezo yako yote nimeipanga kwenye ubao wa Njuki. Nilikuwa nasimama kila baada ya hatua kadhaa kunywa chai, ili nipoe.

Mtindo wako: unacheza kama mtu anayekimbia mvua akiwa amebeba godoro.

Nguvu unazo, sitakunyima. Una macho. Katika mchezo wa tatu ulipotoa ngome yako bure nilidhani umelewa. Kisha farasi wako akaruka akawatisha mfalme na malkia kwa pamoja, nikajikuta nimesimama jikoni napiga makofi peke yangu. Muthoni, yule jirani yangu wa kwaya, alichungulia akauliza kama nimeokoka mara ya pili. Tena humwogopi mtu, na hilo halifundishwi.

Sasa kaa chini. Malkia wako anatoka nyumbani kabla wenzake hawajanawa uso. Anafukuzwa na kila askari, na wewe unapoteza hatua ukimtafutia pa kukaa. Mfalme wako humfichi pembeni nyuma ya askari wake. Unamwacha katikati kama mzee aliyesahauliwa sokoni. Na ukishaanza kushinda, kazi inakuchosha. Katika mchezo wa pili ulikuwa na malkia wawili, Mutuma. Wawili! Badala ya kummaliza mfalme wa yule mtu ulimziba, akakosa pa kwenda bila hata kutishwa kwa cheki, na hiyo ni sare. Niliufunika ubao kwa kitambaa nikaenda kulima.

Nina swali. Hiyo mashine, ukitaka kufanya hatua isiyoruhusiwa, inakuacha?

Shangazi yako,
Nelius

Meru Mjini,
20 Mei 1999

Tata,

Salamu za upendo. Hapa mvua imezidi, lakini afya ni njema, na chakula kipo.

Nimesoma maneno yako. Mengine nakubali. Kuhusu malkia wawili, mausi iliteleza. Mausi ni kile kidude cha kusukuma kwa mkono. Na kuhusu kumficha mfalme, katika blitzi unaficha saa ngapi? Ukimaliza kuficha, mwenzako ameshakula mlo wote.

Jibu la swali lako: haikuachi. Ukijaribu kumweka mfalme wako hatarini, mashine inakirudisha kipande mahali pake na unajaribu kingine. Raha tupu.

Sasa habari kubwa. Mwezi wa nane kutakuwa na mashindano ya chesi ya dakika tano hapo kwenu Embu, katika ukumbi wa kanisa, na nimejiandikisha. Nimewaambia wote ofisini kwamba nitarudi na kombe. Kathure wa mapokezi ameshapangusa rafu ya kuliweka.

Mtoto wako,
Mutuma

Karurumo,
10 Juni 1999

Mwanangu,

Natumai hujambo na mvua haijakubeba.

Nimefurahi utakuja. Utalala kwangu, na nitapika mukimo na kuku. Lakini nisikilize. Ubao wa mbao hauna akili ya kukukataza. Ukikosea, umekosea, na mwenzako ana haki ya kusimamisha saa na kudai mchezo. Halafu huko kwenye intaneti hakuna anayekukodolea macho. Embu watakukodolea. Yuko Munyi anayeuza muguka, yale majani ya kutafuna, pale stendi. Huyatafuna tangu mchezo uanze hadi uishe, na kila akisogeza kipande anakutazama kama umemkanyagia shamba.

Tafuta ubao. Mketishe huyo Kathure mbele yako, hata kama hajui kucheza, akutazame tu.

Shangazi yako,
Nelius

Meru Mjini,
2 Agosti 1999

Tata mpendwa,

Mzima? Mimi mzima. Ubao sijapata na wakati sina, lakini usijali, wiki iliyopita nimemshinda daktari wa Brazili. Nitafika Jumamosi asubuhi ya tarehe kumi na nne. Kuku awe mkubwa.

Mutuma wako

Karurumo,
19 Agosti 1999

Mwanangu Mutuma,

Sijui kama ulifika Meru salama, kwa sababu uliondoka bila kuniaga. Nimepata kwa watu kwamba ulionekana stendi ya Embu ukitembea kama mtu aliyeibiwa viatu.

Najua ulishtuka kuniona kwenye foleni ya wachezaji. Uliniuliza, "Tata, umekuja kutazama?" Nikasema, "Nimekuja kucheza." Ukacheka, na mimi nikacheka. Hapo tulikuwa bado marafiki.

Mchezo wako wa kwanza niliutazama. Ulicheza vizuri ila ulikuwa unasahau kubonyeza saa, na mkono wako ukaangusha vipande vya nusu ya ubao. Kwa Munyi uliponea chupuchupu. Na raundi ya nne Mwalimu Mbogo, msimamizi wetu, akasoma majina, Mutuma kwa Nelius, na ukumbi wote ukasogeza viti.

Ulinishambulia kweli. Malkia wako alikuwa mlangoni kwangu kabla sijaketi sawasawa. Lakini askofu wangu alikuwa amekaa kwenye mstari wa mfalme wako, na kati yao palikuwa na farasi wako tu. Farasi huyo hakuwa na ruhusa ya kuondoka. Ukamwondoa. Ukabonyeza saa kwa kishindo, ukaniangalia ukitabasamu.

Nikasimamisha saa. Nikasema, "Mwalimu, mfalme wake yuko wazi."

Ukasema, "Tata, ngoja, namrudisha."

Mbogo akasema, "Kijana, harudishwi. Mchezo ni wa mama."

Ukaniangalia ukaniuliza mbele ya watu wote, "Si ungenyamaza tu?"

Mutuma, ningenyamaza, ungenishinda kwa mfalme ambaye tayari ni maiti, na Munyi na wenzake wote walikuwa wameona. Wangesema shangazi amempa mtoto wake mchezo. Wewe ungetaka ushindi wa kupewa?

Mchezo ule siujutii. Ninachojutia ni sahani yako iliyobaki imefunikwa mezani. Niandikie.

Shangazi yako,
Nelius

Karurumo,
20 Septemba 1999

Mutuma,

Salamu. Barua yangu ya kwanza pengine ilipotea posta, ingawa ya baba yako haikupotea, na ananiambia hujambo na unakula.

Kuku nilimla na Muthoni. Alikuwa mgumu. Hukupoteza kitu.

Bado ni shangazi yako,
Nelius

Meru Mjini,
11 Oktoba 1999

Mpendwa Tata,

Shikamoo. Nakuamkia hivyo kwa heshima zote, kama tulivyofundishwa shuleni, kwa sababu sijui nianze vipi baada ya kimya hiki. Natumai u mzima.

Barua zako zote mbili zilifika. Ya kwanza niliisoma nikaitia mfukoni, na kila nilipotaka kujibu nilisikia watu wa ukumbi ule wakicheka. Niliporudi ofisini Kathure aliuliza kombe liko wapi. Nikamwambia limechelewa. Akauliza limechelewa na gari gani.

Nilirudi kwenye intaneti, nikashindwa na kila mtu hadi na mtoto wa Ufini. Halafu nikafanya ulivyosema. Fundi mmoja wa samani alinikatia ubao, vipande tukavichonga kwa vijiti, saa nikaazima kwa mwalimu fulani. Kathure hakukubali kukaa mbele yangu. Alisema hana kazi ya kutazama mtu. Basi nikaupeleka ubao sokoni Gakoromone, nikauweka juu ya kreti katikati ya wauza kabichi, nikasema anayetaka acheze.

Tata, laiti ungeona. Pale watu hawakutazami tu, wanakuamulia. Mama wa vitunguu aliuliza mbona farasi anawaruka watu badala ya kusema hodi. Mwingine alisema malkia wangu anazurura sana, na aliyesema hivyo hajui chesi hata kidogo. Nilipoacha mfalme wazi, soko zima lilipiga kelele "Mzee wako! Mzee wako!" hadi nikajifunza kumficha mapema ili wanyamaze. Wiki hizi sijafanya hata hatua moja haramu. Tena saa sisahau, kwa sababu mwuza parachichi ameichukua kazi ya kunikumbusha kwa kunipiga bega.

Sasa ni zamu yangu. Nimeufikiria mchezo wako, na hii ndiyo ripoti. Mtindo: unakaa kimya kama mtu anayesubiri maziwa yachemke. Nguvu: huna haraka, na huchukui kitu kabla hujakihesabu. Mapungufu: ukianza kushinda unaimba wimbo wa kanisa kwa pua, na hiyo ni kumtesa mwenzako. Unavisogelea vipande sana, pua inakaribia kugusa ubao. Na la mwisho, hukuniambia kwamba unaingia mashindanoni. Hilo ndilo lililoniuma kuliko kushindwa. Kwa nini, Tata?

Mtoto wako,
Mutuma

Karurumo,
2 Novemba 1999

Mwanangu wa pekee,

Barua yako imenifanya nicheke hadi Muthoni akaja tena mlangoni. Huyo mwuza parachichi umnunulie soda.

Umeuliza vizuri, nami nakujibu. Pua inakaribia ubao kwa sababu sioni. Jicho la kushoto lina mtoto wa jicho tangu Krismasi, na la kulia linamfuata. Mbogo alipoanza kuandikisha watu, nilisema nicheze mwaka huu ningali najua kwamba askofu na askari ni watu wawili. Ningekwambia naingia, ungeniuliza kwa nini sasa, baada ya miaka yote hii. Ungejua, ungenihurumia, ungecheza polepole. Nilitaka nikuone ukicheza kama wewe.

Raundi ya pili nilishika askofu wa Munyi nikidhani ni wangu. Sheria ni sheria, ukigusa cha mwenzako unakila, nikamla. Ukumbi ukashangilia, wakasema mama huyu ana mipango ya mbali.

Kwa hiyo ujue pia kwamba wewe ulishindwa na jicho moja, tena bovu. Sikutaka kuliandika hilo lakini mkono umekataa kunyamaza.

Daktari atalipasua la kushoto tarehe saba mwezi ujao. Usije. Una kazi.

Shangazi yako,
Nelius

Meru Mjini,
15 Novemba 1999

Tata,

Nakusalimu. Nakuja. Nimemwambia Bwana Kithinji, akauliza ni msiba, nikasema ni jicho, akasema nenda. Baba anataka kuja na mimi lakini anaogopa utamuuliza habari ya ndama.

Usipike.

Mutuma

Karurumo,
18 Desemba 1999

Mwanangu Mutuma,

Huu si mwandiko wangu, ni wa Muthoni. Daktari amenikataza kusoma na kuandika mpaka mwaka mpya, kwa hiyo mimi nasema, yeye anaandika. Ameanza kwa kulalamika kwamba nasema haraka.

Natumai ulifika salama na kwamba mgongo wako umesahau ile benchi ya hospitali. Jicho linaendelea vizuri. Jana bandeji ilipobadilishwa nilimwona Muthoni kwa mara ya kwanza baada ya mwaka, na nikamwambia amezeeka. Hilo amekataa kuliandika, lakini naona kalamu inatembea.

Asante kwa siku zile wodini. Sikujua mtu anaweza kucheza chesi kwa mdomo tu, amelala chali, macho yamefungwa, bila ubao. Ulikuwa unasogeza taratibu, na uliacha kunihurumia mara tu nilipokula ngome yako. Nilisikia sauti yako ikibadilika, nikafurahi sana. Pole kwamba sista alitukatiza. Yule mama wa kitanda cha pili alikuwa amemwambia daktari kwamba mimi na kijana fulani tunapanga kumuua askofu, na malkia tayari amekufa.

Mchezo ule tuuache, hakuna kati yetu anayekumbuka vizuri vipande vilikuwa wapi. Tuanze mpya, kwa posta. Muthoni amepanga ubao mezani na anasema hataupangusa vumbi, vipande visije vikasogea. Nimechukua vipande vyeupe, vinavyoanza, kwa sababu mimi ni mgonjwa. Askari aliye mbele ya mfalme, hatua mbili.

Saa yako inatembea.

Shangazi yako,
Nelius