Neno la Siri la Kanzidata

Ngara, Alhamisi

Mgongo unaniuma, ila kanzidata, yaani kumbukumbu zote za wagonjwa wa hospitali yetu, imekaa kwenye seva mpya. Seva ni kompyuta tatu, zimeunganishwa zifanye kazi kama moja, na umeme ulikatika nikiwa katikati. Nikaanza upya.

Hata hivyo aliyenichosha zaidi ni mkuu wetu wa utawala. Alitaka neno la siri liwe jina la hospitali, tulijue wote.

"Mzee, kila mtu ataona nani anatumia dawa gani."

"Hapa sisi ni familia, binti yangu. Unamficha nani?"

Nilifuta akaunti zisizo na mwenyewe, nikazuia kuingia kwenye kanzidata kutoka nje ya hospitali, na kila mtumishi nikampa neno lake la siri, aone kinachomhusu tu. Mzee anaona idadi, haoni majina. Amekasirika, kesho ananishtaki kwa mganga mkuu wa hospitali. Na mkataba wangu ni wa muda.

Jioni nesi Odilia wa wodi ya wazazi alinikuta nikifunga chumba cha seva. Akauliza, mtumishi akijiandikisha kliniki hapa, wenzake wataona?

"Daktari wake tu, dada. Hata mimi nikifungua, itaandikwa kwamba nimefungua."

Akasema kila mwezi anapanda basi kwenda Biharamulo kuchukua dawa, asijulikane hapa.

"Basi mwezi ujao nitachukulia hapa," akasema.

Kesho nitaulizwa kwa nini nimekuwa mgumu, na sababu niliyo nayo siwezi kuitaja.