Nina Mimba, na Wenzangu wa Mbio Wamenikimbia

Mpendwa mshauri, shikamoo kama umenizidi umri, na kama hukunizidi basi ipokee tu hivyo hivyo, maana nimekaa na kalamu hii tangu mchana na bado sijapata mlango wa kuingilia. Mimi ni mshona mapazia, nina miaka ishirini na tisa, nimeolewa miaka mitatu sasa, na nina mimba yangu ya kwanza, mwezi wa tano unakatika. Kila mtu ananiambia hongera. Nasema asante, halafu nageukia ukutani.

Ili unielewe lazima nikueleze habari ya mbio. Kazi yangu ni ya kukaa, kutwa nzima niko kwenye cherehani, mgongo umepinda, kitambaa kimenifunika magoti kama shuka la mgonjwa, kwa hiyo miaka sita iliyopita nilipoona miguu inakufa ganzi nikaanza kukimbia alfajiri, mwanzoni peke yangu kama kichaa, kisha nikakutana na wanawake wanne wanaokimbia barabara ile ile, tukawa watano, na katika hao yuko mmoja, mwalimu wa shule ya msingi, tunamwita Dakika kwa sababu tangu nimjue hajawahi kuchelewa hata moja. Mshauri, mimi sina dada. Siri zangu zote nimezitoa nikiwa natweta kando ya Dakika kwenye kilima cha tangi la maji, kwa maana mtu anayepanda kilima hana pumzi ya kukushangaa wala ya kukusema. Huko ndiko nilikomwambia kwamba nimekubali kuolewa, na huko huko nikamwambia, kabla hata ya mume wangu, kwamba siku zangu zimepita.

Mkunga wa kliniki nilimwuliza mapema. Akaniambia maadamu nilikuwa mkimbiaji tangu zamani na mimba haina tatizo, naweza kuendelea, lakini polepole, nisijikamue, na nikisikia maumivu au kizunguzungu nisimame na nije. Nikafurahi. Nikawaambia wenzangu kwamba sasa nitakuwa wa mwisho, wasinisubiri kilimani, wakacheka, Dakika akasema, "Wewe uwe wa mwisho? Basi hiyo mimba ina kazi!"

Sasa sikia. Jumatatu moja, mwezi wa nne wa mimba, nimefika kwenye kituo chetu, pale penye geti la ghala la saruji, saa kumi na moja na nusu kama kawaida, hakuna mtu. Nikasubiri. Nikanyoosha miguu, nikafunga kamba za viatu, nikafungua, nikafunga tena. Simu ya Dakika inaita, haipokelewi. Kukapambazuka, watu wakaanza kupita kwenda makazini, ndipo nikawaona wote wanne wakitokea barabara ya chini, wamefuatana, wametoka upande mwingine kabisa, Dakika yuko mbele, akaniona, macho yetu yalikutana, akageuza uso akaongeza mwendo. Akaongeza mwendo, mshauri! Nikabaki na mkono wangu juu, kwa sababu nilikuwa nimeshaupunga.

Siku tatu nilizunguka nalo rohoni. Ya nne nikamfuata shuleni kwake, nikamkuta chumba cha walimu anasahihisha madaftari. Hakunikaribisha kiti. Nikamwuliza, "Nimewakosea nini?"

Akasema bila kuinua kichwa, "Usinilaumu mimi, dada. Shemeji ndiye aliyekuja hapa."

"Shemeji yupi?"

"Mumeo. Alikaa kwenye kiti hicho. Alinisihi tukuache, tubadilishe kituo, na tusikwambie. Ningefanyaje? Mwanaume mzima, machozi yanamlengalenga."

Ndipo akanieleza, yeye, mtu baki, kwamba dada mkubwa wa mume wangu alipoteza mimba ya miezi sita, na mume wangu ndiye aliyembeba mgongoni hadi hospitali, na dada yule hakushika mimba tena. Wifi yangu huyo huja kwetu kila mwezi, nampikia, tunacheka, na sikuwahi kuambiwa. Miaka mitatu nalala kitanda kimoja na mwanaume huyu, habari hii nimekuja kuipata kwa mwalimu mwenye kalamu nyekundu mkononi.

Mume wangu ni fundi umeme, mpole, hajawahi kunipandishia sauti, na hapo ndipo pagumu, maana mume mkorofi unajua utamshtaki kwa nani, lakini huyu anayekuletea matunda kila jioni utamsema nini ueleweke? Akirudi kazini husalimia tumbo kwanza. Anainama, anasema, "Hujambo humo ndani?" Mama mkwe akipiga simu anauliza kama mtoto anacheza. Wateja wa duka ninaloshonea wananipapasa tumbo kama wanachagua tikiti maji. Mimi nimekuwa mfuko wa kubebea, na mfuko hauulizwi habari yake. Nilimwambia mume wangu nimeacha mbio. Sikumwambia kwamba najua alikwenda kwa Dakika. Akanikumbatia, akasema, "Mungu akubariki," na mimi nikaona kama naagwa.

Sikuacha, mshauri. Hili ndilo ninalokiri. Yeye akitoka tu kwenda kazini, mimi navaa viatu napita nyuma ya maghala, ambako hakuna anayenijua, na sikukimbia polepole kama nilivyoelekezwa, nilikimbia kwa hasira, kama kuna mtu mbele yangu na lazima nimpite, na wiki mbili zilizopita, nikivuka daraja dogo la mfereji, maumivu yakanikata chini ya kitovu, nikaanguka kwa mikono na goti. Tumbo halikugonga chini. Nilikaa juu ya bomba la saruji karibu saa nzima, magari yanapita, hakuna aliyesimama, nimejishika tumbo namwomba radhi mtu ambaye hajazaliwa.

Nikajikokota hadi kliniki. Mkunga wangu hakuwa zamu, nikamwambia mwenzake kwamba nimeteleza, sikutaja maumivu wala mbio. Akanipima, akasema moyo wa mtoto unakwenda mia moja arobaini na nane kwa dakika, mzima. Sisi wakimbiaji tunapenda namba. Nilitaka kumwambia mtu ile namba. Nikatoa simu, jina la kwanza lililonijia ni la Dakika, nikairudisha mkobani.

Nyumbani mume wangu akaliona goti. Nikamwambia nimejikwaa kwenye ngazi za duka, zile za kwenda stoo, kuna giza. Basi keshokutwa yake akaja dukani na mkoba wake wa kazi, akafunga taa pale ngazini, na swichi mbili, moja chini na moja juu. Mwenye duka anamsifu mpaka leo. Mimi kila nikienda kuchukua kitambaa nawasha ile taa na kuuona uongo wangu mweupe pee.

Nimwambie, nimvunje moyo? Au ninyamaze, maana na yeye alinyamaza? Na je, mimi ni mama wa namna gani, ninayelilia viatu kuliko ninavyomfurahia mtoto? Yale maumivu yamerudi mara mbili tangu siku ile, lakini madogo. Namba yangu nimeiandika nyuma ya bahasha, tafadhali usiichapishe.

Ni mimi, Mshona Mapazia.

MSHAURI ANAJIBU

Marahaba. Nimekuzidi umri, tena kwa mbali, kwa hiyo utanivumilia.

Barua za ukurasa huu husubiri zamu yake, nyingine hata mwezi. Yako haikusubiri. Nilipofika pale ulipoandika kwamba maumivu yamerudi mara mbili, tena umeandika mwishoni kabisa, kama mtu anayetaja hali ya hewa, niliweka chai chini, nikageuza bahasha, nikakupigia. Ukapokea ukiwa kazini, mashine inanguruma. Nikakwambia inuka uende kliniki sasa hivi. Ukaniambia eti una pazia la mteja, limebaki pindo. Nilikukaripia na sitaomba radhi. Pazia likichelewa, mwenye nyumba ataonekana dirishani siku moja zaidi, na hakuna aliyekufa kwa kuonekana.

Wasomaji wasibaki roho juu: ulikwenda, na safari hii ulimweleza mkunga wako yote, mbio, hasira, daraja na maumivu. Wakakulaza siku mbili. Mtoto yuko salama. Umekatazwa kukimbia mpaka uonwe tena, umeruhusiwa kutembea taratibu, na maumivu yakirudi usimwandikie mshauri, nenda hospitali. Mimi nina kalamu tu.

Na mumeo alipofika wodini ulimwambia. Ulinisimulia mwenyewe kwenye simu: alisema, "Kumbe ile taa..." akacheka, kicheko kikamgeukia kikawa kilio, kisha akakueleza habari ya dada yake, kwa mdomo wake mwenyewe, mpaka muuguzi akaja kumtoa kwa kuwa muda wa kutazama wagonjwa umepita. Nikadhani yamekwisha. Wewe ukashusha sauti ukaniambia, "Lakini mshauri, bado niko peke yangu." Basi nakujibu hilo.

Kwanza nikuseme kidogo. Mkunga alikupa ruhusa ya kukimbia, hakukupa ruhusa ya kulipiza kisasi kwa miguu. Ulikuwa na ugomvi na mume na rafiki, ukaenda kuumalizia kwenye mwili ambao sasa mnautumia wawili. Usirudie. Na ukimdanganya mkunga, unamlipa mtu wa kuona halafu unamfunga kitambaa machoni.

Wewe mume, najua unasoma, mkeo ameniambia. Hofu yako naielewa, na anayekulaumu kwa kuwa nayo hana moyo. Lakini uliipeleka kwa mwalimu wa watu badala ya kumpelekea mkeo, ukamwondolea mashoga wanne kwa mpigo mmoja ukidhani unamlinda. Mtu halindwi kwa kupunguziwa watu. Na jioni ukirudi, msalimie mwenye tumbo kwanza. Tumbo litasikia.

Sasa turudi kwako. Umeuliza wewe ni mama wa namna gani. Wa kawaida. Kumpenda mtoto na kuulilia mwili wako wa zamani ni mambo mawili, na yanaweza kulala chumba kimoja bila kupigana. Mimi sikuwa mkimbiaji, nilikuwa mwanakwaya. Mimba yangu ya kwanza ilipoanza kunibana pumzi, wenzangu walinihamishia kiti cha nyuma, wakaniambia pumzika, mama. Walikuwa na nia njema kabisa, na hakuna hata mmoja aliyekuja kuniambia wiki hiyo wanajifunza wimbo gani. Mwanangu huyo sasa ana miaka thelathini na mmoja, nampenda kuliko macho yangu, na ukuta wa nyuma wa ukumbi ule bado naukumbuka ulivyobanduka rangi. Sikwambii hivi ili ulie. Nakwambia ili usidhani umeumbwa vibaya.

Kuhusu Dakika. Alikosea. Angeweza kukataa, au kukubali kisha akakuita pembeni akakwambia. Alichagua njia ya kugeuza uso, na nadhani nayo haimpi raha, maana mtu asiye na haya hakwepi macho. Usimngoje ajirudi. Mtumie ujumbe mfupi: Jumamosi saa kumi jioni natembea barabara ya tambarare, karibu. Usiweke lawama humo, lawama zina miguu yake, zitawakuta njiani. Akija, mwambie ulivyosimama pale getini na mkono juu. Mwambie wazi, usimpunguzie. Kisha mwambie ile namba ya moyo wa mtoto.

Sitakudanganya kwamba lazima atakuja. Huenda asije. Huenda akaja na msiwe tena kama zamani, kwa sababu yeye ataendelea kupanda kilima na wewe kwa miezi mingi utakuwa chini, na baadaye utakuwa na mtoto asiyejua saa kumi na moja na nusu ni kitu gani. Urafiki mwingine huishi katika mwendo mmoja tu. Kama wenu ni wa hivyo, utauma, na hutakufa.

Asipokuja, tembea hivyo hivyo. Usirudi nyumbani kujifungia. Kando ya barabara kuna nguzo za umeme, zihesabu, usikimbilie yoyote, na ukichoka geuka. Ukifika nyumbani nipigie uniambie umefika ya ngapi, hata kama ni ya tatu. Nitapokea.