Saa Mia Tatu za Mabega

Ilomantsi, 14 Januari 1974

Mdogo wangu Tenho,

Salamu kutoka nyumbani. Natumai barua hii itakukuta mzima huko ng'ambo, Göteborg. Sisi tunaendelea, ila Mama anakohoa na baridi ya mwaka huu imekaza. Najua ni miaka sita sijakuandikia. Na wewe hukuandika, kwa hiyo tusianzie hapo.

Tunajenga. Nyumba ya fremu ya mbao, vyumba vitatu, jiko na stoo. Hii ya zamani imekwisha. Sakafu ya chumba cha Mama imeoza, ukiikanyaga inatoa maji, na Mama analala humo na soksi mbili. Mbao zitatoka msituni kwetu. Benki itatoa marka elfu arobaini, lakini inataka ione na sisi tunaweka nini, na unajua huku asiye na fedha anaweka mabega, yaani saa zake za kazi. Bwana Tolvanen wa benki anaikubali hiyo benki ya mabega bila maneno, mradi kila bega liwe na jina na saini.

Wewe nimekuandikia saa mia tatu za useremala, marka tano kwa saa. Makisio yote nimeyaweka humu. Si lazima uje. Saini tu pale nilipotia alama ya penseli, urudishe kabla ya mwisho wa Februari.

Shemeji yako Saimi anakusalimu.

Kaka yako,
Reino


Göteborg, 27 Januari 1974

Kaka Reino,

Barua nimeipata. Mimi ni mzima. Mguu niliouvunja kiwandani mwaka juzi umepona, asante kwa kutouliza. Mpe Mama pole ya kikohozi.

Nimesoma makisio yako hadi kahawa ikapoa. Nimejikuta mstari wa kumi na moja, kati ya misumari na saruji. Misumari angalau umeipa bei ya dukani. Marka tano kwa saa hata anayefagia karakana yetu hazikubali. Fundi aliyefundishwa na Baba kwa mkono wake, umemweka bei ya kibarua wa kung'oa viazi.

Halafu nikatazama ramani. Kiwanja ni kile cha ziwani, chini ya misonobari. Nilikuomba kiwanja hicho hicho wiki tuliyomzika Baba. Ulikuwa umeshakalia kiti chake mezani, ukaniambia, "Udongo wa pale haubebi nyumba, Tenho." Naona tangu niondoke udongo umepata nguvu.

Sisaini. Na kwa kuwa jicho langu halijui kunyamaza: hukuweka sauna. Nani kwetu anaanza nyumba kabla ya sauna? Wajenzi wataoga wapi, watalala wapi, chini ya toroli? Na matofali mia nne uliyoyaandikia bomba la moshi hayafiki hata darini.

Mama nitamtumia kahawa.

Mdogo wako,
Tenho


Ilomantsi, 10 Februari 1974

Tenho,

Hatujambo. Kahawa imefika, Mama ameificha kabatini kama kawaida yake.

Ulikuwa na miaka ishirini na tatu na deni la pikipiki. Ningekupa kiwanja ukakiuza kabla theluji haijayeyuka. Ulilipwa sehemu yako ya shamba mbele ya mashahidi, ukaondoka na sanduku bila kumuaga mtu. Nani amekuwa akimpeleka Mama kwa daktari miaka yote hii? Saini ya nani iko pale zahanati?

Sauna nimeiongeza, na matofali nimeyaongeza. Wewe nimekupandisha hadi marka nane. Sasa bila saa zako hesabu haifiki, na isipofika Tolvanen anafunga faili. Ni saini moja tu ninayokuomba, hujaombwa figo.

Kaka yako,
Reino


Göteborg, 24 Februari 1974

Kaka,

Mimi mzima na jibu langu ni lile lile.

Nimepitia makisio mapya. Umeandika jirani Onni, saa mia. Saimi, saa mia mbili. Mimi niliye ng'ambo ya bahari, mia tatu. Mwenye nyumba, arobaini. Wewe una mikono ya kazi gani siku hizi, ya kushikia kalamu? Hata Mama angejiandikia zaidi.

Mbao zikishapasuliwa, usizilundike moja juu ya nyingine kama ulivyofanya na banda la ng'ombe, likapinda hadi milango ikagoma. Weka vijiti kati ya kila tabaka, hewa ipite. Funika juu, acha ubavuni wazi. Hili nakwambia kwa ajili ya mbao, si kwa ajili yako.

Karatasi yako narudisha kama ilivyokuja. Usiniandikie tena habari hii.

Mdogo wako,
Tenho


Ilomantsi, 2 Juni 1974

Mdogo wangu,

Salamu. Mama hajambo kidogo. Aprili mguu wake ulizama kwenye sakafu ya chumbani hadi gotini, sasa analala jikoni kwenye benchi. Analalamika kwamba benchi ni fupi, na ni kweli.

Nilitaka nikwambie hili kwa mdomo lakini simu ni ghali na wewe ungekata. Nilikusainia. Ile karatasi uliyoirudisha tupu, nilikaa nayo siku mbili, kisha nikaandika jina lako pale penye alama ya penseli. Benki ikatoa fungu la kwanza. Msingi umemwagwa, sauna imesimama, mbao zina vijiti kama ulivyosema.

Sasa nimekwama. Tolvanen anakuja tarehe 2 Agosti kukagua. Asipokuta paa, fungu la pili halitoki na la kwanza linarudishwa, na nimeweka rehani shamba lote na msitu. Nimeuliza mafundi wote hadi Joensuu. Wote wana kazi hadi vuli.

Umeuliza kuhusu zile saa arobaini. Ni moyo. Daktari amesema nisinyanyue kitu kizito kuliko ndoo ya maziwa, na ndoo yenyewe isijae. Saimi anajua. Mama hajui, na wewe usimwambie.

Najua mna likizo ya kiwanda Julai.

Kaka yako,
Reino


Göteborg, 15 Juni 1974

Reino,

Sina salamu.

Kumbe mtu akikataa, wewe unamkubalia. Ulininyang'anya kiwanja, sasa umeninyang'anya na jina. Nikiandika mistari miwili kwa huyo Tolvanen wako utalala mahabusu na shamba litapigwa mnada. Karatasi ninayo na stempu ninayo, nakwambia ujue.

Moyo ungeuandika kwenye barua ya kwanza. Lakini wewe ni wa kufa kimya halafu utusute makaburini.

Likizo yangu ni yangu. Nimeshamwahidi mtu kwenda kuvua samaki.

Tenho


Juu ya meza ya sauna, 9 Julai

Tenho,

Umefika jana. Umemkumbatia Mama, umemsalimu Saimi, umemsalimu hadi mbwa. Mimi umenipita kama nguzo ya simu. Sawa, nami nitakuandikia hapa, kipande cha ubao kipo na penseli ipo.

Misumari ya inchi nne iko stoo. Onni anakuja saa moja asubuhi. Chakula ni samaki wa chumvi na mkate, usimwambie Saimi kwamba mkate ni mgumu.

Kaka yako


Nyuma ya ubao ule ule, 10 Julai

Mkate ni mgumu. Saimi nimemwambia.

Msingi wako umeachana na pembe mraba kwa sentimita tatu upande wa ziwa. Itanila siku nzima kuuficha. Nguzo nasimamisha kila sentimita sitini, usije na futi yako kupima nyuma yangu. Nikikuona tena umeshika boriti naondoka na meli ya kwanza. Kaa kwenye gogo unyooshe misumari iliyopinda, hiyo ndiyo kazi ya saa zako arobaini.

Mdogo wako


Ilomantsi, 6 Agosti 1974

Tenho,

Hatujambo. Mama ameuliza kwa nini uliondoka siku moja kabla ya karamu ya kumaliza paa. Soseji za watu kumi na wanne zilipikwa, na mwenye kazi hayupo. Onni alikunywa kwa niaba yako hadi akarudishwa kwao na toroli.

Fungu la pili limeingia jana. Tolvanen alinipigia mwenyewe, akasema, "Nimezungumza na mdogo wako vizuri sana, mtu mnyoofu." Siku aliyokuja mimi nilikuwa Joensuu kwa daktari. Sijalala vizuri tangu hapo. Mlizungumza nini? Kama umemweleza, niambie nijue ninasubiri nini.

Kaka yako,
Reino


Göteborg, 15 Agosti 1974

Kaka Reino,

Mimi mzima, mgongo sio.

Mtu wako alifika saa nne asubuhi. Alipanda ngazi kwa viatu vyake vya ofisini, akahesabu kenchi za paa, akagonga nguzo kwa kidole. Kisha akakaa juu ya rundo la mbao, akatoa karatasi mkobani. "Bwana Tenho," akasema, "hii saini ni yako? Nauliza kwa utaratibu tu."

Nikaitazama. Reino, ulivyoniandika. T kubwa kama msalaba wa kaburi, na mkia chini kama wa mtoto wa darasa la pili. Sijawahi kuandika hivyo maishani mwangu.

Usidhani sikutaka kusema hapana. Miaka sita nimekuwa nikingoja mtu aniulize swali ambalo jibu langu lingekung'oa kwenye kile kiwanja, na siku hiyo niliulizwa, na mwenye kalamu. Neno lilikuwa limeshafika mdomoni. Lakini dirisha la jiko la zamani lilikuwa wazi, namsikia Mama anakohoa na kuligombeza benchi. Nikasema, "Ni yangu."

"Vizuri. Basi nisainie na hapa, kwamba saa zako umezimaliza."

Hapo jasho lilinitoka kuliko siku ya kupandisha kenchi. Nikachukua kalamu nikaandika jina langu kwa mwandiko wako, msalaba, mkia na yote. Akaweka karatasi mbili pamoja, akaziangalia muda mrefu, akasema, "Zinafanana."

Ndiyo maana sikungoja karamu. Ningekaa meza moja na wewe siku ile, ningekupiga, na daktari wako amekataza.

Sijakusamehe kiwanja, na jina sijakusamehe. Usiniandike tena kwenye karatasi yoyote bila kuniuliza. Lakini jina langu sasa liko kwenye faili la mkopo, na benki itakuwa inanitumia makaratasi hadi deni liishe, miaka kumi na minane, na kila moja litataka saini ile ile. Kwa hiyo najifunza kila Jumapili nyuma ya bahasha, na mkia bado unanishinda. Angalia hapa chini uniambie kama nimekosea.

Mdogo wako, kwa mwandiko wako,
Tenho