Kwa Mtani Kondo, Unayenizibia Geti la Rotterdam

Mtani wangu Kondo, Mzaramo usiye na haya,

Sijui kama namwandikia mtu hai au marehemu. Kama u marehemu, basi ni mara yako ya kwanza kufanya jambo bila kujisifia. Naandika wazi, wasome wote, maana kadi niliyoituma Hamburg ilirudi, na simu yako siku hizi inapokelewa na mashine inayosema Kijerumani. Mimi mzee wa darasa la nne, nina shaka. Nakushuku wewe, nalishuku na lile lori la rangi ya chungwa.

Unakikumbuka chumba chetu cha Southall, huku Uingereza, juu ya duka la vitambaa la yule Singasinga mzaliwa wa Kisumu? Tulikuwa tunarudi kutoka uwanja wa ndege, migongo imekufa kwa masanduku ya watu, halafu siku moja ukaja na kikompyuta cha mkono wa pili, vitufe vyake vya mpira, laini kama kifutio cha mwanafunzi. Ukakichomeka kwenye televisheni yangu, ukakiunganisha na redio kaseti. Kaseti ikaanza kulia kama panya aliyebanwa mlangoni. Mke wangu akatoka jikoni na mwiko.

"Shemeji Kondo, hicho kitu kinaumwa?"

"Kinasali, shemeji. Kikimaliza tunacheza mpira."

Kilisali hadi wali ukaiva, kikakwama, ukakianzisha upya. Na mpira wenyewe ulipokuja, haukuwa na mpira! Maandishi matupu. Unachagua beki, unauza mshambuliaji, unasubiri matokeo kama mtu aliyepeleka damu maabara. Ukaniambia Waingereza ndicho wanachokipenda hicho. Vijana wao wanatunga gemu vyumbani, mama zao wakiwaita kula, wanazitia kwenye kaseti, na kaseti zinauzwa mpaka kwenye vibanda vya magazeti. Asiye na hela anaazima ya jirani na kuirudufu, kama sisi tulivyorudufu muziki wa dansi. Ndiyo maana, ukasema, zile mashine za gemu za Kijapani zilizowapagawisha Wamarekani zilichelewa kuwateka watu wa huku. Kaseti ilikuwa rahisi, na mzazi alishaambiwa kompyuta ni ya masomo.

Na mimi uliniambia ni ya masomo. Nilichosoma ni jina la timu yako tu, kila juma juu ya jina la timu yangu. Mpaka leo nakushuku. Hakuna Mzaramo aliyewahi kushinda mfululizo namna ile bila kugusa kitu.

Kisha ukamfuata yule mama wa Kijerumani, ukahamia kwao Hamburg. Kila Jumapili ulikuwa unanipigia simu na habari mpya, na kila habari nilidhani umelewa.

"Mpagazi wewe, huku damu ya kwenye gemu ni ya kijani!"

"Kondo, umekunywa nini?"

"Haki ya Mungu. Na wanajeshi wamegeuzwa roboti. Serikali haitaki watoto waone binadamu akiuawa, basi wanaua mabati."

Jumapili nyingine ukaja na Wafaransa, kwamba gemu zao ni nzuri kama picha ya ukutani, lakini unacheza jioni nzima na hujui kama umeshinda au umepewa mawaidha. Nyingine ukaja na Yugoslavia, eti redio ya huko inatangaza gemu hewani, zile kelele za panya kabisa, na watu wanazirekodi nyumbani na kuzicheza. Hapo nilikata simu. Mke wangu akanigombeza: "Mpigie shemeji, asije akadhani tumemchoka." Nikakupigia, nikakutukana, ukafurahi.

Juzi nimemwomba Rehema, binti yangu, atazame kwenye simu yake. Yote kweli! Roboti kweli, redio kweli. Ndipo shaka ikanizidi. Mtu anayesema kweli kuhusu damu ya kijani, uongo wake ameuweka wapi?

Nitakwambia ulipo. Ni pale uliposema, "Nakuja."

Wasiotujua nao waelewe. Mimi Mnyamwezi, Kondo Mzaramo, na makabila yetu ni watani tangu enzi za mababu. Msiba ukiingia kwa Mnyamwezi, Mzaramo ana haki ya kulala njiani jeneza lisipite. Atamsema marehemu, atadai kuku, atadai shati la mfiwa, na mfiwa atacheka huku machozi yanamtoka. Akishalipwa ndipo anaondoka, na maiti anapita.

Mama Rehema alipofariki pale Hayes, uliniambia kwenye simu: "Nakuja, mtani. Nitalizuia hilo jeneza hata polisi wanibebe." Nikakuwekea shati, lile la bluu ulilokuwa unalionea wivu. Watu walikuja kwa saa yao, wakazungumza polepole, wakala keki. Gari la jeneza likapita moja kwa moja, barabara nyeupe, hakuna hata paka. Nilikaa kiti cha mbele nikitazama kila kona. Nilimzika mke wangu kama mtu anayelipia maegesho, Kondo. Hakuna aliyemtukana.

Na wewe kimya. Tangu siku ile, kimya.

Sasa nisikilize. Rehema, kuona nimekaa tu natazama ukuta, akaniwekea gemu ya malori. Unabeba mzigo kutoka nchi hadi nchi, Ulaya nzima, na wanaoendesha malori mengine ni watu wa kweli, kila mmoja kwake. Mwanzoni nilicheka. Mjerumani anatoka kazini, anakula, halafu anakaa kuendesha lori la kabichi! Taa ikiwa nyekundu anasimama, na polisi hayupo! Nikasema hawa watu wana jambo wanalolificha. Sasa na mimi nasimama.

Basi kuna lori la rangi ya chungwa, bendera ya Ujerumani, halina jina ila namba. Kila nikichukua mzigo wa Rotterdam, liko nyuma yangu. Nikipunguza mwendo, linapunguza. Na nikifika geti la bandari linanipita, linajilaza mapana ya barabara, linapiga honi. Wengine halijawahi kuwazuia. Mimi tu.

Rehema aliliona akaangua kicheko. "Baba, huyo ni mtoto tu, ana-troll, anachokoza watu. Wapo wengi. Mripoti afungiwe."

"Hakuna kumfungia mtu!"

"Baba, kwa nini unapiga kelele?"

"Sipigi kelele. Toa mkono kwenye hiyo mashine."

Nikaandika pale chini ya skrini, mbele ya Wazungu wote: "Toka njiani, mla nazi, kuna maiti anapita." Mtoto wa Kijerumani angejibu, hata kwa alama ya kuuliza. Lori lilizima taa zake zote. Likabaki palepale.

Sasa nawaza. Kama si wewe, ni nani? Kama ni wewe, kwa nini hujitaji? Huenda ulikuwa unaumwa ukaona aibu kusema. Huenda huyo mama wa Kijerumani amekufukuza, unaishi pabaya. Huenda ulifika Hayes kweli, ukaona suti nyeusi na keki, ukaogopa kulala barabarani katika nchi ya watu. Lolote kati ya hayo naliamini. La kwamba umesahau ndilo nisiloliamini. Na lipo moja nisilotaka kuliwaza: kwamba huyo ni mtoto kweli, na wewe hupo tena.

Rehema amenifundisha kitufe cha kumpita mtu pembeni. Kipo, ni rahisi, lori langu linaondolewa hapo na kutokea upande wa pili. Sikibonyezi. Nakwenda Rotterdam kila jioni, nalikuta, nazima injini nyuma yake. Tunakaa hivyo wawili, foleni nzima inatulaani kwa lugha za Ulaya.

Shati limo kabatini, limepigwa pasi. Lakini silitoi, Kondo. Nikikulipa utaondoka.

Mtani wako wa Tabora,
mpagazi uliyemwachia mzigo