Programu Isiyonihitaji

Diani, Kwale

Baba mpendwa,

Shikamoo. Natumaini kwamba wewe na Mama mna afya njema, na kwamba mvua iliyonyesha huko Taru imewapatia mifugo maji. Mimi ni mzima, ila joto la huku halinipi usingizi.

Nakuandikia kwa sababu juzi katika simu hatukusikilizana. Uliniuliza, "Umesoma miaka yote hiyo ili ujifukuze kazi mwenyewe?" kisha ukakata kabla sijajibu. Jibu langu ni hili.

Hoteli hii ndogo hupokea maombi ya wageni wake kwa barua pepe. Bi Salma, mwenye hoteli, aliniajiri kwa mkataba nimwekee mtambo wake mwenyewe wa barua, kwa programu huria, yaani zile ambazo mtu yeyote anaruhusiwa kuzitumia na kuzirekebisha. Zilibaki mbili za kuchagua. Ya kwanza ni nyepesi na inapendeza macho, lakini imeandikwa na kijana mmoja aliye ughaibuni. Nilimwandikia kuhusu kasoro ya usalama, hakujibu. Nikasoma majadiliano ya watumiaji wake, nikaona wote wanamngojea kama mimi. Ya pili ni kongwe na sura yake haivutii. Hata hivyo ina watunzaji wengi, wanaotangaza mapema kila toleo litahudumiwa hadi lini, na mafundi wanaoifahamu wapo Ukunda na Mombasa.

Mjomba alinishauri nichague ya kwanza, kwa kuwa hapa hakuna aijuaye isipokuwa mimi, na mkataba wangu ungehuishwa kila mara. Nawe ukamuunga mkono. Hata Kevo, kijana wa bara aliye mapokezini, alinicheka kwamba najiharibia mwenyewe: "Buda, unajichoma! Si uwaache tu wakutegemee?"

Lakini Bi Salma aliniita ofisini, nikamweleza programu zote mbili.

"Mwanangu, usinizungushe. Ukiondoka kesho, hii nani ataishika?"

"Ya kwanza, hakuna. Ya pili, fundi yeyote."

"Hata bila wewe?"

"Hata bila mimi, Bi Salma."

"Haya, weka hiyo ya pili."

Nimeiweka, inafanya kazi, na mkataba wangu haukuhuishwa.

Unadai kwamba ningenyamaza tu. Siafiki, Baba. Siku ambayo ningeugua, au ningepata kazi kwingine, barua za wageni zingepotea, na wapishi na wasafishaji wa vyumba wangekaa bure kwa ajili ya ujanja wangu. Sikusomea kuwashika watu mateka. Nimekwisha kuomba kazi katika ofisi mbili za Matuga, bado sijajibiwa.

Nakuomba usimtume Mjomba aje kumsihi Bi Salma. Namjua, saa hizi koti lake amekwisha kulipiga pasi.

Nisalimie Mama, na Nyanya, ambaye peke yake hakunigombeza. Dada yangu Mbeyu, anayekusomea barua hii, namsalimu pia. Asiruke mistari asiyoipenda.

Nitafika Jumamosi. Watu wa mnada wa mifugo wakikuuliza, waambie kazi imekwisha. Usiwaambie nimefukuzwa, maana kazi ile niliimaliza.

Mwanao, mbishi kama ulivyonilea,

Ndurya